Mikimbio Kumi na Saba Isiyo na Mwenyewe

Baba yangu alikuwa mtu wa kriketi. Ukisema hivyo mbele ya Wazanzibari wa Maskati, watu wanakutazama mara mbili. Mpira wa miguu sawa, bao sawa, karata sawa. Ukitaja kriketi wanakuuliza: "Kwani mzee wako Mhindi?" Nilipokuwa msichana swali hilo lilinikera hadi nikaacha kusema. Siku hizi natamani mtu aniulize.

Alijifunza skuli, Unguja, enzi zile wanafunzi walipovalishwa suruali nyeupe na kuambiwa wasibishane na mwamuzi. Suruali yake ilishonwa na mama yake kwa shuka kuukuu. Kupiga alikuwa hajui, kurusha hajui, na mwenyewe akisema timu ilimweka pembeni aandike ili asiwatie aibu uwanjani. Huko pembeni ndiko alikopata raha yake. Akawa mwandishi wa mikimbio, yule anayekaa na kitabu na penseli akiandika kila mpira uliorushwa na nini kilitokea.

Alipokuja Maskati alipata kazi benki, Ruwi, na haukupita mwezi alikuwa keshawapata wenziwe. Walikuwa makarani wa Kihindi na wa Kipakistani, wakicheza Ijumaa asubuhi kwenye uwanja wa kokoto chini ya mlima, mkeka wa makumbi ya nazi umepigiliwa misumari katikati. Mimi na kaka yangu alituchukua utotoni. Tuliona jua, vumbi, na baba yetu ameketi benchi moja na mwandishi wa timu ya pili, kofia imemkaa upande, hana habari na sisi. Kila ikiisha ova, yaani mipira sita, waandishi hao wawili walisomeana kwa sauti: wewe una ngapi, mimi nina ngapi. Wakitofautiana, Baba alinyanyua mkono na mchezo unasimama. Watu wazima ishirini na wawili wanangoja juani mpaka vitabu viwili vikubaliane.

Sheria yake ilikuwa moja, na alinifundisha kabla sijajua kusoma sawasawa. Kila mkimbio una mwenyewe. Ama ameupata mpigaji fulani, ama ni wa ziada, ule unaotolewa bure mrushaji akikosea. Mwisho wa siku unajumlisha ya wapigaji wote, unaongeza ya ziada, na hesabu lazima iwe sawa na jumla ya timu. "Ikipungua mmoja," alikuwa akisema, "basi kuna mtu kaongopa au kasinzia."

Timu aliyoipenda ilikuwa ya visiwa vya Karibi. Hakuwahi kufika huko wala hakumjua mtu wa huko. Aliwaita "visiwa wenzetu," na ujanani mwake walikuwa wakimchapa kila mtu, wakizunguka dunia kwenye zile ziara ndefu ambapo mechi moja inachukua siku tano na ziara nzima inachukua msimu. Akifuatilia kwa redio, sikio limeganda kwenye spika, huku mama yetu anapita na sinia na kusema mwenye nyumba kahama. Kisha timu ikachoka. Kwa miaka mingi sasa, visiwa wenzetu wakisafiri ni kwenda kufungwa, na Baba hakuwaacha. Mtu kumpenda mshindi, alisema, hilo hata paka anaweza.

Haya yote nayaeleza ili ijulikane nilimkosea mtu wa namna gani.

Mimi nilirudi nyumbani kwa Baba, Bawshar, nilipoachika, na nikabaki. Mama alikuwa keshafariki. Nilikuwa mwalimu wa hesabu katika skuli ya wasichana, nimesomesha miaka ishirini na sita, na nilipostaafu kazi yangu ikawa Baba. Sukari ilimla macho taratibu, la kushoto kwanza, kisha la kulia. Masikio nayo yalipungua. Alibaki na la kulia tu, na hilo lilitaka mtu akae karibu na azungumze polepole. Televisheni ikawa kelele kwake. Kwa hiyo kriketi nikamsomea mimi. Nilikaa ubavuni mwake kwenye kochi, simu mkononi, nikimsomea mpira mmoja mmoja kama ulivyoandikwa mtandaoni, naye akiandika kichwani. Hakuhitaji penseli tena. Ungeweza kumwuliza baada ya siku tatu nahodha alipata ngapi, akakwambia na nani alimtoa.

Aliniita Mama, kwa sababu nimepewa jina la mama yake. "Mama, soma." Ndiyo kauli niliyoisikia kuliko zote katika miaka ile.

Mwezi wa tano alianza kukohoa na kukonda. Tukampeleka hospitali, wakampiga picha, wakamtoa maji kwenye pafu. Daktari alimwita kaka yangu kwenye ujia, na kaka akaniita mimi. Yalikuwa maradhi yale ambayo kwetu watu hawayataji. Wanasema "ugonjwa ule" na kuomba Mungu atuepushe. Daktari alisema miezi mitatu, labda minne. Kabla hajamaliza, kaka yangu alimshika mkono na kumwomba kwa Kiarabu kizuri kabisa, Kiarabu chake cha wizarani, kwamba mzee asiambiwe neno.

Wala daktari hakushangaa. Huku kwetu ndivyo inavyofanywa. Mgonjwa huambiwa ana upungufu wa damu, ana gesi, ana uchovu, na jamaa ndio wanaobeba jina la maradhi na kulia jikoni. Wanasema ni huruma. Mimi nilikubali palepale. Nimeandika hapa "kaka yangu alimwomba," lakini nilikuwa nimesimama karibu yake na nilitikisa kichwa.

Tulimwambia ni maji tu, kifua kiliingia baridi ya kiyoyozi. Alitusikiliza, akasema alhamdulillahi, akataka chai.

Wiki ile ile, akiwa amepata nafuu na anakwenda msikitini mwenyewe kwa fimbo, alisema anataka kwenda Unguja. Dada yake yuko huko, shangazi yetu, ndugu pekee aliyemsalia. Baba alipoondoka Unguja alimwacha dada huyo, msichana bado, na mama yao mgonjwa. Shangazi alimuuguza bibi yetu miaka na miaka, akaolewa ukubwani, na hakuwahi kumlaumu kaka yake hata siku moja. Hilo la kutolaumiwa ndilo lililomkaa Baba kooni. Alikuwa amekwenda mara kadhaa na kila mara alirudi bila ya kulisema alilolikusudia. Sasa shangazi mguu umekufa, hatoki kitandani, na Baba alisema: "Nnataka kumshika mkono nimwombe radhi. Radhi haiombwi kwenye simu."

Ndege ya Unguja si safari. Unakula kiamsha kinywa Maskati na cha mchana unakula kule. Kaka yangu alikuja kutoka Qurum jioni ile, tukazungumza uani kwa sauti ya chini. Alisema akienda atafia huko, au atashikwa ndegeni, au atapelekwa kwa daktari wa huko asiyejua kuficha, naye ataambiwa kila kitu. "Na akijua," alisema, "atakufa kabla ya siku zake. Tafuta njia umzuie. Wewe anakusikiliza."

Nikaitafuta. Haikunichukua hata dakika tano. Nilirudi ndani, nikakaa upande wa sikio lake, nikamwambia: "Baba, visiwa wenzetu wanakwenda Uingereza mwezi wa sita. Mechi tatu za siku tano tano. Ukiwa Unguja nani atakusomea?"

Alifikiri. Nilimwona usoni anazipima, dada yake huku na timu yake kule, kama mtu mwenye wakati wa zote mbili.

"Kweli," akasema. "Basi ziara iishe kwanza. Nitakwenda mwezi wa nane, na huko kunakuwa kuna kibaridi."

Nilimbusu mkono. Wallahi nilijiona nimefanya kazi nzuri.

Ziara ikaanza. Saa za Uingereza zilitufaa: kule wanaanza asubuhi, hapa saa nane, tumeshasali adhuhuri na kula. Nje joto la mwezi wa sita, lami inalainika, hata paka wa mtaani wanahamia chini ya magari. Ndani tumeshusha mapazia, kiyoyozi kinanguruma, na mimi nasoma. Mechi ya kwanza niliisoma kama ilivyo, na ilikuwa msiba. Walitoka wote siku ya kwanza kabla ya mapumziko ya chai, na siku ya tatu mambo yakaisha.  Jioni yake Baba alikataa uji, na kesho yake alikataa tena. Kifua kilianza kumvuta. Nikajiambia ni huzuni ya kriketi, maana nilitaka sana iwe huzuni ya kriketi.

Ilipokuja mechi ya pili, siku ya kwanza, wiketi sita zilianguka, yaani wapigaji sita wametolewa, na timu haijafika mikimbio themanini. Nilikuwa nimeshika simu. Nilimtazama Baba: shingo imebaki mishipa, macho meupe yameelekea ukutani, mkono wake juu ya goti langu unangoja. Aliyetolewa pale alikuwa nahodha. Nahodha alikuwa amepata tisa.

"Nne!" nikasema. "Kapiga nne nyingine, Baba."

Mkono ukanipiga goti kwa furaha. Kutoka hapo sikusoma tena, nilitunga. Nahodha wangu alicheza mchana kutwa. Niliwapa wenziwe pia, huyu ishirini, yule arubaini, nikakumbuka kumtoa mmoja bila ya kitu ili isinukie uongo. Kila ikiisha ova nilimtangazia jumla, kichwani nikiipandisha kidogo kidogo. Timu iliyotoka kwa mia na kumi na mbili mimi niliifikisha mia mbili arubaini na tatu. Jioni hiyo Baba alikula samaki, kipande kizima, na akanitania kwamba hata mimi sauti imechangamka, labda nimepata mchumba.

Niliendelea hivyo siku mbili. Timu ilipofungwa kweli, na mapema, mimi nililazimika kuimaliza yangu, na nikafanya anayoyafanya kila mwongo wa kriketi ya Uingereza: nikaleta mvua. Siku ya nne mvua, ya tano mvua, mechi ikaisha sare. Kaka nilipomweleza kwa simu alicheka mpaka akakohoa, akasema nimekosa kazi ya redio. Tulicheka wote wawili. Siku hiyo nilimpenda kaka yangu sana.

Asubuhi iliyofuata nilikuwa namchanganyia Baba maziwa na tangawizi. Alikuwa kitandani, ameegemea mito mitatu, maana kulala chali kulishaanza kumshinda.

"Mama," aliniita. "Kaa hapa."

Nikakaa upande wa kulia.

"Jana ilinyesha?"

"Ilinyesha, Baba."

"Kubwa?"

"Kubwa sana."

"Na wetu walipata mia mbili arubaini na tatu."

"Ndiyo, Baba."

Akaanza kunitajia. Wa kwanza kumi na mbili, wa pili thalathini na moja, wa tatu nane. Nahodha sabini na nne. Aliwapanga wote kumi na mmoja, polepole, akivuta pumzi kati yao, hata yule niliyemtoa bila ya kitu. Akamaliza na ya ziada, kumi na tano.

"Jumlisha," akasema.

Mimi, mwalimu wa hesabu wa miaka ishirini na sita, nikajumlisha pale pembeni ya kitanda, nikafika mwisho nikaanza upya.

"Mia mbili ishirini na sita," akanisaidia. "Mikimbio kumi na saba haina mwenyewe. Nani kaipiga?"

Nikaiweka chini bilauri ya maziwa.

"Nnajua tokea siku ile. Nikasema labda mimi ndo nimezeeka, nikahesabu tena. Mara tatu nikahesabu." Akapapasa mpaka akaupata mkono wangu. "Mama, mimi nnafungwa na timu hii miaka mingi. Nshazoea. Na wewe unajua kama nshazoea, hujawahi kunificha hata mara moja. Sasa mwaka huu umenionea huruma ya nini? Mtu wa maji ya pafu haonewi huruma kiasi hiki."

Nikaanza kumpangia mito kwa mkono wa pili.

"Mchezo basi, yameshakwisha," akasema. "Sasa nambie la pili."

Nikamwambia. Nilimwambia na jina la maradhi, nilivyolisikia kwenye ujia, sikioni mwake, na kwa kuwa hakuwa akisikia vizuri nililazimika kulisema mara mbili. Mara ya pili ilinishinda kuliko ya kwanza.

 Baba akauliza: "Mmejua lini?"

"Mwezi wa tano, Baba."

"Mwezi wa tano," akarudia. "Mwezi wa tano nilikuwa nnakwenda msikitini kwa miguu yangu."

Nililia. Nilimwambia tulimhurumia, nilimwambia kaka aliogopa, nilimwambia mimi ndiye niliyemzuia na ile ziara, kwa makusudi, nikijua. Hilo la mwisho nilitaka alisikie hasa. Nilitaka anipige au anilaani, kitu ambacho Baba hakuwahi kukifanya maishani mwake na hakukifanya siku hiyo.

"Msijilaumu sana," alisema. "Mimi ndo nliyewafundisha. Mama yenu nimemfanyia hayo hayo. Akiniuliza, namwambia ni vidonda vya tumbo, asikhofu. Mpaka siku ya mwisho nnamwambia vidonda vya tumbo. Sijui yeye alikuwa na safari gani."

Kwa miaka yote ile nilidhani Mama alikufa ametulia kwa sababu alikuwa hajui. Haikunijia hata siku moja kwamba huenda kulikuwa na mtu alitaka kumwona, au neno alitaka kuliacha, nasi tumezunguka kitanda chake tunatabasamu.

Kaka yangu nilimpigia akaacha mkutano wizarani akaja. Alipiga magoti kando ya kitanda, mwanaume wa miaka hamsini na tano na kanzu yake iliyopigwa pasi, akaweka kichwa kwenye mkono wa Baba. Baba alimwambia aache kilio, aende akatafute tikiti. Kesho yake tulikwenda kwa daktari kumwomba barua ya kusafiria. Daktari alitazama picha mpya, akatwambia pafu la pili nalo limeanza kujaa, na kwamba hakuna shirika litakalomchukua, na likimchukua yeye hataandika. Hewa ya juu haimtoshi. Wiki sita kabla angeandika bila ya tabu. Hilo hakulisema kwa ubaya. Kaka ndiye aliyemwuliza.

Tukataka kumleta shangazi Maskati. Watoto wake walisema hawezi hata kukaa, na ana presha, na tafadhali tusimtie wasiwasi.

Kilichobaki kikawa simu. Nilimpigia, nikamwekea Baba sikio la kulia, nikakaa hapo hapo kwa sababu alinishika pindo la kanga. Nilimsikia shangazi anauliza khabari za kifua. Baba alimuuliza mguu. Wakazungumza habari za mvua ya masika ilivyobomoa ukuta wa jirani, na bei ya pweza, na mtu fulani waliyemjua utotoni ambaye Baba alidhani keshakufa, kumbe yuko hai na ameoa tena. Alicheka. Kisha akasema, kwa sauti nzima ambayo sijui aliitoa wapi:

"Nnakuja mwezi wa nane, inshaallah. Nikija tutakaa tuzungumze."

Nilimpokea simu. "Baba! Na radhi?"

"Nshakwambia haiombwi kwenye simu." Pumzi zilimtoka. "Na msimwambie kama mimi mgonjwa hivi. Ana presha."

Nikabaki namtazama. Hakuniona, lakini alijua.

"Tabia mbaya hii, Mama," akasema, na akacheka kidogo. "Haitoki."

Mechi ya tatu aliniambia nisome, na nisome kweli. Nilisoma. Sijawahi kufanya kazi ngumu kama ile. Kila wiketi iliyoanguka niliitaja kama ilivyoanguka, na kila ova ilipokwisha nilimpa jumla, naye akaitikia kwa kidole juu ya mkono wangu kwamba kichwani mwake hesabu imekubali. Siku ya pili alisinzia mara nyingi. Nilipokuwa nikisimama alisema, "Soma." Visiwa wenzetu walifungwa siku ya tatu, ziara ikaisha, na Baba akasema wamejitahidi, jambo ambalo halikuwa kweli hata kidogo.

Alifariki wiki iliyofuata, Jumanne, baada ya alasiri. Walimzika kabla ya magharibi. Wanaume walikaa kwenye ukumbi wa msikiti siku tatu kupokea rambirambi, wanawake walijaa kwangu Bawshar, na waliokuja walikuwa wengi kuliko nilivyotarajia. Wazee wawili wa Kihindi kutoka Ruwi walifika msikitini na kumwambia kaka yangu kwamba hawajawahi kuona mwandishi kama yule. Yeye alikuwa keshasahau ni mwandishi wa nini, mpaka nilipomkumbusha.

Binti wa shangazi alinitumia ujumbe siku ile ile ya mazishi. Aliandika pole, aliandika dua ndefu, kisha: "Dada, mama hatujamwambia. Daktari kasema asishtuliwe. Tumemwambia mjomba kalazwa na anaendelea vizuri. Akipiga simu tafadhali mseme amelala." Niliusoma jikoni, mikono ina unga. Nikajibu, "Sawa." Niliandika hivyo. Baada ya yote hayo mimi niliandika "sawa," kwa sababu nilikuwa nimechoka na kwa sababu mkono umezoea.

Simu ya Baba sikuizima. Siku ya kumi na moja ililia mezani, adhuhuri, nikaona ni Unguja. Nilijua kuna mjukuu amempigia, maana mwenyewe hawezi kubonyeza. Niliitika.

"Mwanangu," alisema shangazi. Sauti yake ni ya Baba, nyembamba kidogo. "Nipe kaka'angu nimsikie. Hapa kila siku wananambia hajambo, hajambo, na mimi simsikii." Nilikawia kujibu, naye akanirahisishia. "Au kalala?"

Neno alinipa mwenyewe, tayari. Nilikuwa natakiwa nilipokee tu. Nilimfikiria yule binti yake, na daktari wao, na presha. Nilimfikiria Baba akinihesabia wapigaji kumi na mmoja kwa pumzi aliyokuwa hana.

"Hajalala, Shangazi," nikasema. "Kaa sawa kwanza. Umekaa sawa?"

"Mimi nimelala mwaka wa tatu huu. Sema."

"Baba ametutoka."

Nilingoja kelele, au simu ianguke, au watoto wake waingie mbio wanilaani. Nilisikia pumzi zake tu, zinakwenda na kurudi.

"Inna lillahi wa inna ilayhi raji'un," alisema mwisho. "Lini?"

"Jumanne ya wiki iliyopita ile. Leo siku ya kumi na moja." Nikataka kumwambia la radhi. Nilikuwa nimelipanga, nimeshaanza, "Shangazi, Baba alikuwa akitaka…", lakini hakuwa akinisikiliza. Alikuwa akihesabu.

"Siku kumi na moja," alisema. "Kila sala nnamuombea apone. Siku kumi na moja nnamwomba Mungu amnyanyue kitandani, na mwenyewe yuko kaburini, na hakuna hata mmoja wenu aliyenambia nimuombee maghufira, asamehewe dhambi zake."

Niliita, "Shangazi." Nilimsikia anaita watu wa nyumbani kwake, kwa sauti kubwa kuliko nilivyodhani anayo, wamletee maji atawadhe.